Mvua Nyeupe ya Oldonyosambu

Ukifika Kimandolu, mjini Arusha, ukataka nyumba ya Tekla Ndesanjo, usiulizie nyumba ya daktari. Utazungushwa mpaka soli iishe, maana mtu akisikia daktari anafikiria sindano. Ulizia kwa Mama Mawingu. Hata mtoto anayetambaa atakuelekeza.

Tekla hakuwa na mume wala mtoto; umama alipewa bure na mtaa. Kazi yake ilikuwa kuyasoma mawingu: yanazaliwa wapi, yamebeba nini, kwa nini hili linamwaga na lile linapita juu ya vichwa vya watu kama tajiri asiyejua salamu. Alisoma hapa, akaenda kusoma ng'ambo, akarudi na udaktari usiotibu hata mafua, pamoja na kompyuta mbili zinazounguruma kama mashine ya kusaga. Ndani ya kompyuta hizo ameuweka mlima Meru mzima, na upepo wake, na baridi yake, na unyevu wake. Halafu anaziambia: haya, nyesheni. Nazo zinanyesha. Mvua ya namba, isiyomlowesha mtu.

Mama yake, Elizabeth, aliyekuwa na meza ya vitenge pale sokoni Kwa Mrombo, hakuona maana ya mvua isiyolowesha.

"Watoto wa wenzangu wamesomea meno, wamesomea madaraja," alikuwa akisema huku anapiga shuka kofi kabla ya kuianika. "Wangu kasomea kitu ambacho hata kuku anakijua. Tekla! Nianike nisianike?"

"Anika, Mama. Uwezekano wa mvua ni asilimia ishirini."

"Mimi nimekuuliza shuka, wewe unanipa asilimia. Sasa nianike asilimia themanini ya shuka, hiyo ishirini niishike mkononi?"

Mtaa nao haukumwacha. Kuna mwaka Padri alimwomba ushauri kabla ya kipaimara, kama misa ifanyikie nje. Tekla akazitazama kompyuta zake, akasema Baba, jua litawaka. Mvua iliyoshuka siku ile ilikuwa kama mtu kapindua pipa. Keki ikawa uji. Padri, kanzu imemganda mwilini, alishika kipaza sauti akasema, "Tuwaombee wanasayansi." Umati mzima ukaitikia amina, na mama yake Tekla ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote.

Kosa halikuwa lake lote. Kompyuta haiwezi kuiona nchi kama wewe unavyoiona. Inaikata miraba kama ubao wa drafti, na kila mraba unapewa urefu mmoja tu. Sasa chukua kilele cha Meru, ongeza bonde, ongeza na shamba la migomba la mzee fulani, uvigawanye sawasawa: mlima wote ule unabaki kilima cha kuchungia mbuzi. Wingu la kwenye kompyuta linakiruka bila hata kuhema. Kwa hiyo Tekla akaipunguza miraba, ikawa midogo midogo, mlima ukapanda juu, kompyuta zikaunguruma kwa uchungu. Ila alitaka kujua kama mvua yake ya namba inafanana na mvua ya Mungu. Hapo ndipo alipoanza kugawa vipimamvua.

Kipimamvua ni kitu cha kawaida kabisa: chupa ndefu ya plastiki yenye mistari, juu ina faneli, imefungwa kwenye mti uliochimbiwa uani. Kimoja alikifunga Momela, karibu na maziwa, ambako mvua haibembelezwi. Kimoja akakifunga uani kwa mama yake. Na kimoja akakipeleka nyuma ya mlima, Oldonyosambu, kwa Koko Nasieku; koko ni bibi kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai.

Nyuma ya mlima ni kukavu, hilo halina mjadala. Mawingu yanatoka upande wa bahari, yanaupanda mlima kwa huku kwetu, yanachoka, yanamwaga mzigo. Yakifika upande wa pili ni magunia matupu. Ndiyo maana Koko Nasieku, mjane wa mzee Lerionka, alikuwa na mbuzi wengi kuliko mahindi, na maji yake yalitoka kwenye bomba la kijiji, mbali kule barabarani, mgongoni mwa punda.

Siku ya kukifunga, Tekla aliinamisha kichwa, Koko akamgusa utosini kama desturi, kisha Tekla akaeleza. Solomoni, mtoto wa Koko, ndiye aliyemgeuzia mama yake maneno kwa Kimaa.

"Koko, nakuachia chombo changu. Usikihamishe, usikifunike, mbuzi wasikikaribie. Mimi nitakuwa nakuja kila mwisho wa mwezi kuchukua kilichomo."

Koko alikitazama chombo. Akamtazama mgeni. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa jambo kubwa.

"Amesema ameelewa," Solomoni akasema.

Na kweli alielewa. Ila alielewa vyake.

Mwisho wa mwezi Tekla akaja na Gadiel, fundi wa vipimo aliyekuwa pia dereva, pia mpinzani wa kila kitu. Wakakuta maji. Si mengi, lakini yapo, yanametameta kabisa, na vumbi la uani linawaingia viatuni.

"Mbuzi kakojoa," akasema Gadiel.

Tekla akanusa. "Gadiel, mbuzi hakojoi maji ya kunywa."

Mwezi uliofuata, maji. Uliofuata, maji tena. Zile kompyuta zinasema hakuna hata tone, chombo kinasema lipo. Mwanasayansi akikuta namna hiyo hashangai kama mimi na wewe. Anafurahi. Tekla aliacha kulala vizuri, aliacha hata kumjibu mama yake kuhusu shuka. Akasema kuna kitu kompyuta hazikijui: kuna mawingu yanaupita mlima kwa ubavuni, kimyakimya, yanakwenda kumwaga nyuma ambako hakuna aliyeyategemea. Akaupunguza upepo kidogo. Akaongeza unyevu kidogo. Akalisukuma wingu kwenye bega la mlima. Kompyuta nayo ukiibembeleza vya kutosha inakiri chochote, kama mwanafunzi aliyeshikwa na mwalimu wa zamu. Mwishowe ikanyesha uani kwa Koko Nasieku, sawasawa na chupa.

Na ikaendelea kusema. Ilisema mwaka huu masika yatawahi kufika Oldonyosambu. Yatafika huko kabla ya mjini.

Habari kama hiyo haikai tumboni. Tekla alimwambia Solomoni kwenye simu. Solomoni akauliza mara moja tu, "Una uhakika, Daktari?" Tekla akasema kompyuta zote mbili zimekubali. Basi Solomoni akachukua maksai, akalima lile eneo zima ambalo miaka yote waliliachia ndama, akatenga mbegu za mahindi na maharage. Mbegu zile ndizo zilikuwa pia chakula chao ndani. Akipanda na mvua ikaja, wanakula mwaka mzima. Akipanda na mvua isije, jua litazichoma, kanga watamalizia, na boma litabaki kutazamana.

Huku mjini mkutano mkubwa ulikuwa unakaribia. Wataalamu wa hali ya hewa na wa kilimo wakikubali kazi ya Tekla, ramani yake ya mvua itagawiwa kwa wakulima wa upande wote wa nyuma ya mlima. Profesa mmoja kutoka nje, mzee mrefu, mpole, mwenye upara, akaja mapema. Alikuwa amesoma habari za ile mvua ya siri, akataka akione chombo kwa macho yake.

Wakaenda. Gadiel akiendesha, Profesa mbele, Tekla nyuma na roho juu kama bibi harusi.

Boma lilifagiwa mpaka mawe yaling'aa. Koko Nasieku alivaa shanga zake zote, shingo haigeuki. Tekla akainamisha kichwa, akaguswa. Profesa alivyoona hivyo na yeye akainama, Koko akaupapasa ule upara polepole, kama mtu anayechagua tikitimaji sokoni. Solomoni alisimama kando ya shamba na maksai wawili wamefungwa nira, magunia ya mbegu yameshafunguliwa midomo. Shamba lilikuwa jekundu na kavu mpaka linapumua vumbi.

"Karibuni," akasema. "Nilikuwa nakusubiri wewe tu, Daktari. Useme leo au kesho."

"Ngoja kwanza tusome chombo," Tekla akasema, na akamwongoza Profesa uani kama anayemwonyesha mtoto mchanga.

Mvua ya Oldonyosambu siku hiyo ilikuwa nyeupe.

Ilijaa mpaka kwenye faneli. Nzi wawili walikuwa wanaogelea. Profesa akavaa miwani, akavua miwani, akachovya kidole, akanusa. Ilinukia moshi, ule wa kibuyu kilichofukizwa. Akaonja.

"Imechacha," akasema kwa Kiingereza chake cha upole.

Gadiel akauacha mdomo wazi. Tekla akageuka. "Koko, hii nini?"

Solomoni akauliza kwa Kimaa, na Koko akajibu kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Solomoni akafasiri huku anazuia kicheko:

"Anasema msamehe. Punda ameumia mguu, maji hayajaletwa tangu juzi. Lakini ulisema unakuja na mgeni mkubwa. Sasa mgeni mkubwa akikuta chombo kitupu, si watasema boma la Lerionka limekufa na adabu yake? Ndiyo akaweka maziwa. Anasema asubuhi yalikuwa matamu, jua ndilo limeyaharibu."

Tekla aliona mistari ya ile chupa inacheza machoni. "Muulize, Solomoni. Miezi yote ile ya nyuma?"

Koko akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayeuliza kama ng'ombe ana miguu. Akasema maneno mengi. Solomoni akayafupisha.

"Anasema miezi yote alikuwekea. Maji ya kunywa, masafi. Ulisema unakuja kuchukua kilichomo. Asipoweka, utachukua nini?"

Hapo Gadiel alilazimika kuishika gari asianguke. Alicheka mpaka mbuzi wakahama. Solomoni naye akacheka, Koko akacheka kwa kuwa wengine wanacheka. Profesa alitabasamu akiwageukia mmoja mmoja, maana hakuelewa Kiswahili wala Kimaa. Akamwuliza Tekla, mama amesema nini?

Ndipo Tekla akaona mlango uko wazi. Angeweza kusema: ameweka maziwa leo kwa heshima yako. Basi. Na ingekuwa kweli, au nusu ya kweli, na nusu ya kweli mikutanoni inapita vizuri tu. Profesa angeufuta mwezi mmoja, miezi mingine ingebaki, ramani ingegawiwa, na jina la Tekla lingepigiwa makofi. Gadiel alielewa. Aliacha kucheka, akawa anafuta kioo cha gari ambacho hakikuwa kichafu.

"Haya, Daktari," Solomoni akasema, bado ana kicheko puani. Yeye hakujua hesabu za kompyuta zinatoka wapi. Aliona ni vituko vya mama yake tu. "Ya Yeyo, mama yangu huyu, tumeyacheka. Nipande leo, au nisubiri kesho?"

Akachota mbegu kiganjani, tayari.

"Usipande," Tekla akasema.

"Kesho, basi."

"Hata kesho. Rudisha mbegu ndani, Solomoni. Ile mvua niliyokuambia ni maji ya punda wako."

Solomoni akatazama kiganja chake. "Sijakuelewa."

"Kompyuta ilikataa, ikasema huku ni kukavu. Mimi nikailazimisha ikubali, kwa sababu ya hiki chombo. Mvua nzima ilitoka kwenye dumu."

Kicheko kilimzimikia puani Solomoni kama moto uliomwagiwa maji. "Daktari. Mimi nimelima shamba la ndama. Kijiji kizima nimewaambia mvua inawahi. Kanisani wananiita Noa!"

"Nisamehe, kaka yangu."

"Noa yeye aliambiwa na Mungu. Mimi nimeambiwa na punda!"

Tekla alimgeukia Profesa, akamwambia yote, neno kwa neno, bila kujipaka rangi. Mzee aliutazama mlima, wingu limekaa kileleni kama kofia, upande wa huku hakuna kitu. Halafu akauliza punda anaitwaje, ili atajwe kwenye shukrani za utafiti.

"Hana jina," Solomoni akasema kwa hasira. "Ni punda."

Mkutanoni Tekla alisimama akasema vilevile. Ukumbi ulicheka mpaka chai ikaletwa kabla ya wakati. Mmoja akanyoosha mkono, akauliza maziwa yalikuwa milimita ngapi. Ramani haikugawiwa. Alipewa msimu mwingine wa kupima upya, na jina jipya pia: Mama Maziwa. Gadiel aliapa si yeye aliyelivujisha. Hakuna aliyemwamini.

Jioni alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda jikoni, akamsimulia mama yake. Alitegemea pole. Elizabeth aliendelea kumenya ndizi.

"Miezi yote hiyo, hukuuliza hata siku moja kama mvua ilinyesha?"

"Chombo kilikuwa na maji, Mama."

"Chombo, chombo. Wewe si Mchaga, umekulia Kibosho? Jirani akikuletea kitu kwenye bakuli, bakuli lake linarudi tupu?"

Tekla akakumbuka. Hata siku moja halikurudi tupu. Limau liliwekwa, chumvi iliwekwa, kama hakuna kitu kabisa lilikatwa jani la sale, mmea wa heshima wa Kichaga, likalazwa ndani, ili mradi bakuli lisirudi uchi.

"Sasa chombo cha mgeni kikae kwa mtu mwezi mzima," mama yake akasema, "tena mwenyewe kasema atakuja kuchukua kilichomo! Huyo mama ana heshima zake. Ingekuwa mimi ningekuwekea mtori."

Kuna kitu kwenye sauti hiyo kilimfanya Tekla ainue kichwa.

"Mama. Na hiki cha hapa uani?"

Ndizi moja ikamenywa kwa uangalifu mkubwa.

"Mama!"

"Mara mojamoja tu! Ulikuwa unakikuta kikavu unanuna mpaka chakula huli. Nifanyeje, nimwache mtoto wangu ananyong'onyea kwa kikombe kimoja cha maji?"

Tekla aliinamia magoti yake akacheka, au alilia, hata yeye hakuwa na uhakika. Mama yake alimpa kitambaa kinachofaa kwa yote mawili. Kisha akainuka, akatoa kabatini hotpoti lake la maua, lile la wageni, akalijaza machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, mpaka likagoma kufunga.

"Mpelekee. Mwambie hiki ndicho cha kujazwa. Kile kingine kiachie mbingu. Mtu usimkataze adabu, mpe chombo cha kuifanyia."

Koko Nasieku alilipokea hotpoti kwa mikono miwili. Tekla akaeleza, safari hii polepole, na kwa vidole: hiki, wewe, kile, juu. Koko alikitazama kipimamvua kwa mashaka. Akauliza, na mbingu zisipokiwekea kitu?

"Basi nitaondoka na sifuri, Koko. Sifuri nayo naihitaji."

Solomoni alifasiri bila kumtazama usoni. Koko akatikisa kichwa. Alionekana kumsikitikia mtu mwenye kazi ya namna hiyo.

Mwisho wa mwezi Tekla akarudi. Mjini masika yalishaanza, Kimandolu matope yalikuwa yanavua watu viatu, na shuka za Elizabeth zilikuwa zinaning'inia sebuleni. Walipozunguka mlima, mvua ikakatika kama imekatwa kwa kisu. Oldonyosambu vumbi tupu, jua linatoboa.

Solomoni alikuja mwenyewe mpaka kwenye gari. Hakusalimia vizuri. Akamshika Tekla kiwiko, akampeleka pembeni ya shamba.

"Nilipanda mstari mmoja," akasema. "Kwa ubishi. Nikasema huyu mwanamke alidanganya mara ya kwanza au ya pili, nijue."

Akafukua kwa kidole gumba cha mguu. Mahindi yalikuwa yamesinyaa kama meno ya kizee, nusu yake yameshabebwa na sisimizi. Wakayatazama wote wawili. Kwenye boma, mlango wa ghala ulikuwa umefungwa, na magunia yapo ndani.

"Lote lingekuwa hivi," Solomoni akasema. Haikuwa asante, lakini ilikaribia kufika. "Kwa hiyo mvua lini, Mama Maziwa?"

"Bado. Kompyuta inasema bado, na sasa sijaishika mkono. Ikija, usipande mpaka ardhi iloe urefu wa kiganja."

"Kompyuta hiyo imekunywa nini safari hii?"

"Haijanywa kitu."

"Afadhali."

Koko alitokea jikoni na lile hotpoti. Lilikuwa zito, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, limejaa mpaka mfuniko unatoa jasho. Akalikabidhi kwa mikono miwili, akasubiri Tekla alipime kwa kulinyanyua, akaridhika. Ndipo wakaenda kwenye kipimamvua, na Gadiel nyuma yao akiomba mwaliko wa loshoro.

Tekla akakiinua kwenye mwanga. Kikavu kabisa. Hakuna tone, hakuna hata alama ya tone. Moyo ukamruka kwa furaha, akataka kucheza hapohapo mbele ya mbuzi. Halafu akaona chini kabisa mende mdogo mweusi, amelala chali.

Akageuka taratibu. "Koko. Huyu?"

Koko akainua mikono yote miwili juu, viganja wazi, shanga zikalia.

"Anasema aliingia mwenyewe," Solomoni akafasiri. "Anaapa. Huyo ametoka juu."